Lori Nililoliandika Kuwa Zima

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mkono umeiandika salamu wenyewe kabla sijakumbuka kwamba safari hii hakuna marahaba. Una wiki tatu kaburini. Mimi niko chumbani kwangu Isevya, hapa Tabora, ni Jumamosi mchana, na mlango nimeutia komeo ingawa hakuna anayenitafuta. Ndivyo nilivyo siku hizi.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumatatu asubuhi Bwana Meneja, Mzungu wetu, atapeleka bomani kwa serikali karatasi inayosema kwamba Fundi Kondo alilikagua lori lako na kusema ni zima. Chini ya karatasi kuna alama ya dole gumba la Fundi. Atashtakiwa kwa kifo chako, na pale gereji wanasema hataepuka kifungo. Lakini maneno yaliyo juu ya dole lile hakuyasema yeye. Niliyaandika mimi. Mpaka jana tulikuwa watu wawili tu tuliojua kwa nini niliyaandika hivyo, mimi na wewe, na wewe umekwenda na siri yako.

Barua hii siitii katika bahasha. Nataka ukoo usome, na watu wa gereji wasome, kisha wanihukumu wanavyotaka.

Nianze na Bi Mkubwa, maana bila yeye hakuna habari. Hilo ndilo jina ulilolipa lori lile, ukimwambia mkeo, Mama Agata, kwamba yeye ni mke wa pili, na Mama Agata akikujibu, "Basi huyo mkubwa akupikie." Nilipoletwa kwenu baada ya baba kufariki, siku ya tatu ulinipandisha kwenye Bi Mkubwa tukaenda mpaka Ziba kuchukua karanga. Njiani ulinionyesha pale njia ya zamani ya misafara ilipokatiza barabara yetu, imebaki kama mfereji mwembamba ndani ya miombo. "Babu yangu alipita hapa na pembe ya ndovu begani," ulisema, "akaenda miezi mpaka pwani, akarudi miezi. Mimi nakwenda na mzigo mara kumi ya ule, nami nimekaa." Ulipiga usukani kofi ukacheka. Sijapata kuona mtu mzima akifurahia kukaa kama ulivyofurahia wewe.

Na ulijua kumtunza. Tangi la petroli lilipovuja ulilisiliba kwa sabuni ya mche. Rejeta ilipotoboka ulitia unga wa muhogo, ukasubiri kidogo, ukasema, "Amekunywa uji, twende." Springi ilipokatika karibu na Isikizya uliifunga kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, tukakaa kando ya barabara tukila viazi mpaka jua likaikausha ngozi ikakaza kama chuma. Watu walikuuliza mbona huombi gari jipya. Ulisema gari jipya huharibika hujui wapi, hili unajua kila mahali linapouma. Niliamini kila neno. Nilipokuwa shule, wenzangu wakijisifia baba zao, mimi nilijisifia wewe.

Fundi Kondo hakuwahi kuliamini lile lori hata siku moja, ila yeye tulimsikiliza kwa sikio jingine. Alikuwa Mzaramo aliyekuja Tabora kijana akifuata kazi za reli, asirudi tena kwao. Baina ya Wazaramo na sisi Wanyamwezi kuna utani, tangu babu zetu walipokuwa wakifika kwao na mizigo, na mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako usiwe na haki hata ya kununa. Kila ulipoingia gereji alikuwa tayari.

"Karibu, mpagazi! Leo umeliendesha au umelibeba?"

"Nimelibeba. Ningekuwa Mzaramo ningelala chini yake nikiita ni kazi."

"Babu zako walikuja kwetu na mizigo kichwani, tukawatua. Sasa mmeniletea gari nalo nilitue?"

"Mlitutua ili mle. Mnakaa kivulini na nazi zenu mnasubiri Mnyamwezi alete pembe."

Nami nilipoajiriwa ofisini, karani na mkalimani wa Bwana, nikaanza kupita na mafaili kwapani, akaniita mpagazi wa kalamu. Nilipenda jina hilo kuliko lolote nililopewa na walimu.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile, Mjomba. Wiki hiyo Bwana alikuwa ameamua kwamba kila lori likaguliwe: linalofaa litengenezwe, lisilofaa lichinjwe, livunjwe kwa ajili ya vipuri vyake. Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Ulikuja hapa chumbani baada ya misa, ukakaa pale kwenye sanduku langu la nguo, kofia magotini. Hukuwahi kuvua kofia ukija kwangu.

"Kesho utamwambia nini Bwana?"

"Mimi sisemi kitu, Mjomba. Fundi anasema, mimi naandika."

"Ndiyo hivyo. Wewe ndiye unayeandika."

Wewe ukatazama mikono yako.

"Wakilichinja, hilo jingine linakuja na dereva wake. Kijana anayesoma vibao vya Kiingereza. Mimi nitapewa nini pale? Nitapewa magunia stesheni, nipande na kushuka mabehewa na wale wengine. Babu yangu alikuwa mpagazi, baba yangu alikuwa mpagazi. Mimi sitakufa na mzigo kichwani."

"Na likikuua?"

"Lile? Lile linanijua."

Sikusema ndiyo. Lakini nilikusindikiza mpaka barabarani, nawe ukavaa kofia yako, tukaelewana. Nataka ujue kwamba siku hiyo nilikuogopa zaidi ya nilivyomwogopa Bwana. Wewe ndiye uliyenipeleka shule. Ningekukatalia kwa mdomo upi?

Wala sitajificha nyuma yako. Bwana naye alikuwa ameniita Ijumaa akaniambia hataki kusikia habari ya gari jipya mwaka huu. Alisema bila kuinua sauti. Unamkumbuka karani aliyenitangulia? Alimkumbusha Bwana jambo ambalo Bwana hakutaka kukumbushwa, akaachishwa kazi, na barua ya kuachishwa akaipiga taipu mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa karani. Mimi hukaa kwenye kiti chake. Kila asubuhi nikifungua mashine nakumbuka vidole vyake.

Jumatatu Fundi alilala chini ya Bi Mkubwa muda mrefu akigonga na kusikiliza. Bwana alisimama pembeni na kofia yake, mimi na karatasi zangu, wewe umeegemea bodi, na nusu ya gereji imeacha kazi ije kusikia utani. Fundi akatoka akijifuta mikono.

"Chesisi imepasuka pale usukani unapofungiwa," alisema. "Pameshachomelewa mara mbili. Chuma kimechoka, hakishiki tena. Siku moja usukani utabaki mkononi mwake na magurudumu yatakwenda yanakotaka. Mwambie Bwana alichinje." Kisha akakugeukia kidogo. "Akikataa, anunue na sanda kabisa. Huyu mpagazi akipanda tena, mimi nakuja kula wali wa matanga yake."

"Wali utaupata wapi, mla nazi?" ukamjibu. "Kwetu tutapika ugali, na wewe tutakupa ukoko!"

Gereji nzima ikacheka. Bwana naye akatabasamu, kwa kuwa kicheko hakihitaji mkalimani, akaniuliza fundi amesema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba fundi anatania, wao na sisi ni watani. Akauliza, na lori? Nikasema lichomelewe, linaweza kuendelea.

Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi. Nilichukua mzaha wa mwisho nikafunikia maneno ya mwanzo. Nilijiambia kwamba mtani akitaja kifo cha mtu ni desturi, tangu lini mtu akayaandika hayo kwenye faili? Wote mle tungeweza kukosea hivyo, na nadhani wengine walikosea kweli. Walisikia sanda wakasahau chesisi. Mimi sikukosea. Mtani akikutukana hukutazama usoni aone utajibu nini. Fundi Kondo aliposema sanda hakuwa anakutazama wewe. Alikuwa ananitazama mimi.

Alasiri nikampelekea karatasi aitie alama. Nieleze hili kwa wasiomjua Fundi: anasoma na kuandika vizuri sana. Ana daftari zima la vipimo vya injini, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kupendeza. Lakini kwa ofisi yetu asiyejua herufi za Kizungu hajui kusoma, basi hubonyeza dole gumba kwenye wino kama mtoto.

"Umeandika nilivyosema?" aliniuliza.

"Nimeandika, Fundi."

"Yote?"

"Yote."

"Na sanda umeitia?"

Akacheka, akabonyeza. Kesho yake nilimwambia Fundi kwamba Bwana amekataa kulichinja, anataka lichomelewe. Akasonya, akachomelea mara ya tatu, siku nzima, bila kumtukana mtu. Ulipokuja kulichukua alikwambia, "Nenda polepole, mpagazi." Ulimwambia aende yeye polepole kwa mkewe. Ukaondoka ukipunga mkono.

Hukumaliza wiki mbili. Ulikuwa unakwenda Ziba na magunia ya chumvi. Wakulima waliokuwa mashambani mbele ya Isikizya wanasema waliliona lori likiteremka kuelekea korongoni kwa mwendo wa kawaida, kisha likaacha barabara lenyewe na kupinduka, na mzigo wote ukakujia mbele. Walikutoa ukiwa hai bado. Uliwaambia, "Umekatika, umekatika," nao wakadhani unasema mguu.

Mazishini watu walimngoja Fundi Kondo. Unajua mtani anavyotakiwa kwenye msiba: aruke kaburini, akatae kutoka mpaka apewe chake, amsute marehemu kwa uchoyo mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Alikuja kwa baiskeli, akaiegemeza, akachukua jembe, akafukia udongo kimya toka mwanzo mpaka mwisho. Bibi mmoja wa ukoo akamwambia, "Mzaramo, umekuwaje leo? Marehemu atadhani mmegombana."

"Nilishamtania, mama," alisema. "Nilimtajia wali wa matanga yake mbele ya watu. Ulimi wangu umenitisha."

Hakula kitu. Alidhani amekuua kwa maneno, Mjomba. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa bega, ningeweza kumwondolea mzigo ule kwa sentensi moja. Nikamwuliza kama atapenda maji.

Wiki iliyopita boma liliuliza kampuni nani aliyelipitisha lori. Bwana akatoa ile karatasi, akamwita Fundi, akaniambia nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa safi. Nimefundishwa kusoma mbele za watu. "Mimi, fundi wa kampuni, nimelikagua, nimeliona linafaa kwa kazi baada ya kuchomelewa." Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza injini. Kisha akauliza taratibu, "Sanda umeiweka wapi, karani?"

Karani. Siyo mpagazi wa kalamu.

Bwana akauliza anasema nini. Hapo nilikuwa na mlango wazi mbele yangu, Mjomba, hakuna aliyenizuia. Nikasema, "Anasema hakumbuki."

Fundi alinisubiri nje, kando ya pipa la oili chafu. Nilidhani atanipiga, na nadhani nilitamani hivyo. Alisema bila hasira, "Kuanzia leo mimi na wewe hatuna utani. Nikikwambia neno, ni neno." Akarudi kazini. Tangu siku ile hunisalimu vizuri sana. "Habari za asubuhi, karani. Habari za kazi." Watu wa gereji wanatutazama, hawaelewi, Mzaramo na Mnyamwezi wanaosalimiana kwa adabu ni kama ndugu waliopelekana mahakamani.

Usingizi umenikimbia, lakini si hilo lililonisogeza. Kilichonisogeza ni kwamba juzi Bwana alinipa ile barua ya kupeleka bomani niipige taipu, na nilipomaliza niliisoma tena nikaona nimesahau koma mahali, nikaichomoa, nikaipiga upya yote. Kwa ajili ya koma.

Jana jioni nilikwenda kwa Mama Agata. Nilimwambia kuanzia Jumapili ile mpaka karatasi ya juzi, nimepiga magoti, maana nilishindwa kukaa kwenye kiti chako. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuacha.

"Kwa hiyo alikuomba yeye," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Akakwambia hatakufa na mzigo kichwani."

"Ndiyo."

"Amekufa na magunia ya chumvi mgongoni."

Nilimwambia nimekusudia kwenda bomani kueleza, lakini naweza kuliacha lile ombi lako, nikasema nilibadili maneno kwa sababu ya kumwogopa Bwana tu. Jina lako libaki safi, watoto wako wasije wakasikia. Nilidhani nampa zawadi. Akanitazama kwa mara ya kwanza toka nimeingia.

"Umeshapunguza maneno ya Fundi, sasa unataka kupunguza ya mume wangu? Andika yote. Nimechoka kuambiwa ilikuwa mapenzi ya Mungu."

Basi nimeandika yote. Ni kurasa mbili, kwa mkono, kwa Kiingereza cha kawaida. Nimeandika chesisi na pale ilipochomelewa. Nimeandika kicheko cha gereji na jibu lako la ukoko. Nimeandika Bwana alivyoniambia Ijumaa, na wewe ulivyokaa kwenye sanduku langu siku ya Jumapili. Najua kitakachofuata. Bwana atanifukuza, na huenda hilo likawa dogo kuliko yote. Kuandika uongo kwenye karatasi ya namna ile kuna kifungo chake, na mimi ndiye nitakayekaa pale ambapo Fundi angekaa.

Leo asubuhi kabla ya kazi nilimwendea Fundi nikamweleza. Aliendelea kupiga tupa chuma chake. Nilipomaliza alisema, "Vema, karani," na mimi nikaondoka. Sikuwa nimetarajia zaidi, lakini nadanganya: nilitarajia tusi. Ningelibeba tusi lile kifuani mpaka uzee.

Nina hasira na wewe, Mjomba. Nimelazimika kuingoja mpaka ukurasa huu niiseme. Ulinifundisha kuamkia wakubwa kabla ya kula, ulinifundisha kutazama breki kabla ya kuwasha gari, kisha ukaja kuniomba nikuandikie kifo, kofia magotini, ukijua kwamba nisingekataa. Lori lile halikustahili kuchomelewa mara ya tatu. Uliliweka juu ya Mama Agata, juu ya watoto, juu yangu mimi. Nami niliiweka kazi yangu juu yako. Kama kuna siku tutaonana, sijui ni nani atakayeanza kuomba radhi. Nadhani tutasimama tukitazamana, na wewe utasema jambo la kuchekesha, na mimi sitacheka.

Hata hivyo nakukumbuka. Nakukumbuka ukila viazi kando ya barabara, ukingoja ngozi ikauke, ukiwa huna haraka yoyote duniani. Pumzika salama. Nimeacha kuwaambia watu kwamba ulikuwa dereva hodari kuliko wote wa Tabora, ingawa ulikuwa.

Zile kurasa mbili za boma sinazo hapa. Nimempelekea Mama Agata azilaze kwake, maana najijua: zikilala chumbani kwangu mpaka Jumatatu nitaziona zina kosa mahali, nitaziandika upya, na zitatoka nzuri zaidi na fupi zaidi. Tumepatana akutane nami mlangoni pa boma kabla hapajafunguliwa. Nisipofika, ataingia peke yake.

Mpwa wako, ambaye bado anaogopa